Saa Nane Joshoni

Mwaka niliopata kazi mjini Same nilikuwa mtu nisiyejua kukaa. Nilikuwa nimefundisha kwa kujitolea shule mbili, nikaacha zote mbili. Nilikuwa nimeuza vitenge, nikachoka kabla vitenge havijaisha. Mama yangu, aliyebaki juu milimani, Mbaga, na migomba yake, alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi natembea na moto kwenye nyayo. Kwa hiyo shirika moja dogo liliponiita kwa kazi ya habari, alifurahi kwa sababu aliambiwa kuna kiti, meza na kompyuta. Alidhani hatimaye nitakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka habari kwa watu wa milimani na watu wa tambarare. Juu kuna wakulima wa tangawizi, kahawa na maharage. Chini, kuelekea mto Ruvu, kuna wafugaji. Mnunuzi wa tangawizi anakuja lini, barabara imekatikia wapi baada ya mvua, chanjo ya ng'ombe iko josho gani, pale mifugo inapoogeshwa dawa. Habari moja ilitakiwa itoke kwa njia zote: meseji kwa wenye simu za kitochi, magrupu kwa wenye simu janja, redio, tovuti ya shirika, na tangazo la kusomwa kanisani Jumapili.

Tulikuwa wawili ofisini. Mwenzangu alikuwa dada wa Kimaasai, rika langu, aliyezaliwa huko tambarare na kusomea sekondari mjini. Yeye alichukua ninachoandika, akakisema kwa Kimaasai kwenye simu yake, na sauti ile ikaenda kwenye magrupu ya wafugaji na redioni. Alikuwa mkali. Nikimpa sentensi ndefu aliisoma, akanitazama, akasema, "Hii pumzi nitaitoa wapi?" Nami nilikata.

Mwanzoni niliandika kila habari upya kwa kila njia. Ya redio nilianza na salamu, ya tovuti nikaweka maneno ya kupendeza wafadhili, ya meseji nikabana mpaka ikabaki mifupa. Matokeo yake redio ilisema Jumanne na tovuti ikasema Jumatano, na simu yangu ikalia kutwa. Kulikuwa na habari moja niliyoiandika, "Mnunuzi wa tangawizi anakuja kesho." Mtu akaisambaza siku ya pili, mwingine siku ya tatu, na kila aliyeipokea alikuwa na kesho yake. Karibu wiki nzima wakulima wa vijiji vya juu walibeba magunia asubuhi, wakayapanga kando ya barabara, wakasubiri gari lililokwisha kuja na kuondoka. Mama alinipigia. "Huyu mtu wenu wa tangawizi," alisema, "ana kesho ngapi?"

Ndipo bosi wetu, kijana mstaarabu aliyekaa Dar es Salaam na ambaye tulimwona zaidi kwenye kioo kuliko ana kwa ana, akatuletea mfumo mpya. Alitufundisha kwa simu ya video, upepo wa Same ukigonga mabati yetu mpaka akawa anauliza kama kuna ujenzi.

"Dada zangu," alisema, "msiandike barua tena. Habari ni vipande. Jambo ni kipande, mahali ni kipande, tarehe ni kipande, muda ni kipande. Kila kipande kina kisanduku chake. Mkijaza mara moja, mfumo utajua wenyewe meseji ichukue vipi, tovuti ichukue vipi, redio ichukue vipi."

Sitaki kumsema vibaya, kwa sababu alisema kweli, na mimi nilipenda. Nilipenda kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza akili yangu, iliyozoea kuruka kama panzi, ilipata mahali pa kuruka kwa faida: kisanduku hadi kisanduku. Neno kesho halikuwa na pa kuingia. Mfumo ulitaka tarehe kamili. Nilijaza, nikabonyeza, na kwenye kioo orodha ya namba ikageuka kijani, moja baada ya nyingine. Imefika. Imefika. Imefika. Nilikuwa nikinyanyuka kitini kwa furaha, nikizunguka meza, nikirudi kuangalia tena. Mwenzangu alikuwa akisema, "Kaa basi, hazitakimbia."

Ugonjwa ukaniingia mpaka nyumbani. Nilianza kuona kila kitu kwa vipande. Nikisikiliza mahubiri nilijikuta natafuta jambo, mahali, tarehe. Nikitaka kwenda kumwona mama nilimwandikia: "Nakuja. Jumamosi. Mchana. Nitalala. Leta orodha ya mahitaji." Hakunijibu. Nilipofika aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, kama nimeanza kufanya kazi kampuni ya simu.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wao ndio huniandikia hivyo. Ndugu mteja. Wewe hata ndugu mteja hukuweka."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nilikaa pale jikoni nikiwa na simu mapajani, nikiigeuza kila dakika kuona nani amepokea nini. Makande yalipoa kwenye sahani. Aliyachukua, akayarudisha kwenye sufuria, na mimi sikuligundua hilo mpaka niliponyoosha mkono kutafuta kijiko.

Ilikuwa kiangazi ilipofika ile habari ya chanjo. Daktari wa mifugo angekuja na timu yake kwenye josho moja la tambarare, siku moja tu, dozi zikiwa kwenye maboksi ya barafu. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuonekana upande wa pili wa mto, na wazee walikuwa wameomba chanjo ile wenyewe. Mwenzangu hakuwepo; alikuwa amekwenda kumuuguza shangazi yake Moshi. Nilimwambia bosi kwamba bila yeye hakutakuwa na sauti ya Kimaasai.

"Haina shida," alisema. "Meseji itawafikia wote. Hiyo ndiyo kazi ya mfumo."

Nikajaza visanduku. Jambo: chanjo ya ng'ombe. Mahali: joshoni. Tarehe, nikaweka. Nilipofika kwenye muda nikaandika kama ninavyosema, saa mbili asubuhi. Kisanduku kikawa chekundu. Nikaandika saa 2. Kikawa chekundu. Mfumo ulitaka tarakimu nne, kwa hesabu ya saa za kompyuta, kama ilivyo kwenye tiketi za ndege. Nikaandika 08:00. Kikawa kijani, nikabonyeza, na namba zote zikafuata rangi hiyo.

Siku yenyewe niliamka na wasiwasi nisioujua ulikotoka. Nilifika ofisini mapema, nikafagia, nikamwaga maji nje kuzuia vumbi, nikaangalia kioo. Kijani. Nikampigia mmoja wa timu ya daktari kwenye saa tatu. Alisema wamefika ila hakuna hata ndama. Nikamwambia wasubiri, watu wa mifugo hutoka mbali. Saa tano nikapiga tena. Palikuwa na ng'ombe wachache wa jirani, basi. Nilitoka nje, nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Mchana yule mtu akanipigia yeye. Barafu ilikuwa inayeyuka, na josho jingine walikuwa na ahadi pia. Wanaondoka.

Nikabaki nimeshika simu. Nikatazama kioo tena, kana kwamba ningekitazama vizuri kingenipa jibu jingine. Kilisema meseji zote zimefika.

Halafu simu ikaita. Namba sikuijua. Sauti ilikuwa ya mzee, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimaasai.

"Mwanangu, ni wewe wa habari?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mmetuita tuje, tumekuja. Sasa nyinyi mko wapi?"

Nyuma yake nilisikia ng'ombe. Si wawili watatu. Ilikuwa ile sauti nzito ya kundi linalosukumana.

Nilichukua bodaboda bila kuuliza bei. Njia ya kule ni changarawe kisha vumbi tupu, na dereva alinionya mara mbili nishike vizuri kwa sababu nilikuwa najiinua kama ninayetaka kushuka na kukimbia kwa miguu. Tulipolikaribia josho nikaona wingu jekundu, na chini ya wingu, migongo. Walikuwa wamekuja kweli. Wazee wenye fimbo, vijana, kina mama waliobeba maji kwenye madumu kwa ajili ya ndama. Kila njia inayoingia pale ilikuwa bado inaleta wengine.

Mzee aliyenipigia alinitambua kwa haraka niliyoshuka nayo. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka la bluu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alitoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa ngozi, akampa binti yake aliyesoma, na binti akanisogezea kioo.

"Soma hapa," alisema yule binti. "Saa 08:00. Saa nane. Na sasa ni saa nane."

Nilitazama kivuli changu, kilichokuwa kimeanza tu kuinama upande wa mashariki. Ilikuwa saa nane. Watu wote wale, kutoka maboma yao yote, walikuwa wamefika kwa wakati.

"Tuliona ajabu," mzee akasema. "Nani anachanja ng'ombe kwenye jua hili? Lakini tukasema, serikali na mashirika wana mambo yao."

Nikamweleza. Nikasema kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo nane yake ni mbili yetu. Nilivyokuwa nasema nilisikia maneno yangu yakipotea kwenye mlio wa ng'ombe. Mama mmoja aliyekuwa karibu aliuliza kwa Kimaasai, binti akamjibu kwa maneno machache, na yule mama akapiga ulimi, akainua dumu lake, akaanza kuwageuza ndama. Hakungoja nimalize. Na kwa nini angengoja? Alikuwa na safari ya kurudi, na maji yalikuwa yamebaki nusu.

Nilisimama pale mpaka wa mwisho alipoondoka. Nilijaribu kumwambia kila mzee pole, nikawa nakimbia kutoka kundi hili hadi lile, mpaka yule mwenye shuka la bluu akanishika bega. "Basi, mwanangu. Unawashtua ng'ombe."

Jioni ile nilimpigia bosi. Alisikiliza yote, kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba mfumo haukukosea. Muda ulikuwa sahihi. Meseji zilifika.

"Zilifika," nikasema. "Watu pia walifika. Chanjo ndiyo haikuwepo."

Akasema suala la saa za Kiswahili litaingizwa kwenye awamu inayofuata. Nikamuuliza awamu inayofuata ni lini, akasema atanipa tarehe.

Jumamosi nilipanda Mbaga bila kumwandikia mama chochote. Sikuweza kukaa mjini. Kila kitu kilinikera, hata mlio wa meseji za wengine sokoni. Mama alinikuta nachambua maharage yake uani kwa kasi, mazima na mabovu nachanganya. Akaninyang'anya ungo.

"Nimesikia mmefanya chanjo," alisema.

"Umesikia wapi?"

"Si mlinitumia meseji? Mimi nina ng'ombe mmoja wa maziwa, mmeniandika na mimi. Nikasema huko chini ni mbali, sitaenda. Saa nane mchana, na jua lile la tambarare?"

Nikamtazama. Mama yangu alikuwa na simu ile ile ya kitochi, alisoma darasa la saba, anajua kusoma vizuri kuliko jirani zake wote, na alikuwa amesoma nane. Mimi mwenyewe, mtu akiniambia nane, nasikia saa nane mchana. Nililia pale uani, kilio cha hasira zaidi kuliko cha huzuni. Mama hakuniuliza kisa. Alisema maneno ya Kipare ya kumbembelezea mtoto mchanga, akaenda kukamua, akaniacha.

Mwenzangu alirudi Jumatatu. Alikuwa amekwisha kusikia habari zote kutoka kwa ndugu zake kabla basi lake halijafika stendi. Aliingia, akaweka mkoba, hakukaa.

"Mjomba wangu alitembea tangu alfajiri," alisema. "Ng'ombe wake mmoja ameanguka njiani wakirudi. Kwa nini hukunipigia? Ningeisema kwa simu nikiwa kando ya kitanda cha shangazi. Ni maneno ya pumzi tatu."

"Bosi alisema meseji inatosha."

"Bosi hajui mjomba wangu hasomi. Wewe unajua."

Mchana alinunua vitumbua viwili, akaweka kimoja mbele yangu, na kazi ikaanza. Daktari wa mifugo alikubali kurudi baada ya wiki mbili. Tarehe tulikuwa nayo. Tatizo lilikuwa namna ya kuisema. Nilijaribu kuandika "saa mbili asubuhi" kwenye kisanduku cha maelezo, ila meseji fupi haikuchukua maelezo. Nikaandika kwenye kisanduku cha mahali: "Joshoni saa mbili asubuhi". Ikapita! Saa moja baadaye bosi akaniandikia kwamba nimechafua orodha ya mahali, sasa ramani ya tovuti inatafuta kijiji kinachoitwa hivyo. Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, baada ya siku nyingi.

Mwishowe tuliuacha mfumo upeleke vipande vyake kwenye tovuti, na hizi za watu tukazipeleka wenyewe. Nikaandika meseji yangu moja, siku, tarehe, na saa kwa maneno, nikaituma kutoka simu ya ofisi. Mwenzangu akarekodi. Kwa Kimaasai hakutaja namba yoyote ya saa. Aliniambia amesema waje wakishamaliza kukamua, kabla ng'ombe hawajapelekwa malishoni. Redio ikarudia sauti ile kila jioni. Kisha tukaanza kupiga simu, boma kwa boma. Na hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali ambalo kioo hakikuwahi kuniuliza: "Umesikia nini? Nirudishie." Wengine walirudisha sawasawa. Mmoja alirudisha saa nane, kwa sababu meseji ya zamani ilikuwa bado inazunguka kwenye grupu la ukoo wake, na alituomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Tulilala kwa shangazi mwingine wa mwenzangu, karibu na josho, na kabla jua halijapanda tulikuwa kwenye uzio. Sikuweza kutulia. Nilihesabu njia, nikapanda kwenye ukuta wa josho, nikashuka. Daktari alifika, akapanga maboksi. Hakuna mtu. Mwenzangu alikuwa ameketi juu ya jiwe, anakunywa chai ya kwenye chupa. "Wanakamua," alisema. "Tulia."

Wakaja. Kwanza kengele, halafu vumbi, halafu wenyewe. Mzee wa shuka la bluu alikuwa kwenye kundi la pili. Nilimsalimia, akaitikia, na akapita na ng'ombe wake bila maneno mengi, kwa sababu palikuwa na kazi. Mjomba wa mwenzangu alikuja; alikuwa ameanza safari jana yake. Yule mama wa dumu alikuja, na safari hii alinipa mimi maji. Mpaka jua lilipokuwa kali, timu ilikuwa imefika kwenye boksi la mwisho.

Lakini si wote. Kulikuwa na familia tatu zilizokuja siku ile ya kwanza ambazo hatukuziona. Simu zao zilikuwa hazipatikani tangu tulipoanza kupiga. Tulichukua pikipiki, mimi na mwenzangu, tukaenda kwenye maboma yao. Miiba ya uzio ilikuwa imesogezwa, majivu yamepoa, na ndani hamkuwa na kitu ila kuku mmoja aliyesahaulika. Jirani alituambia walihama na mifugo siku chache baada ya kurudi bila chanjo. Nyasi zilikuwa zimekwisha, wasingeweza kusubiri tena.

"Wameelekea wapi?" niliuliza.

Alionyesha kwa kidevu, upande wote wa kusini.

Mwenzangu alirekodi sauti, akaituma kwa kila ndugu yao aliyemjua, na kila ndugu akaombwa ampe mwingine. Aliwataka wasipitishe ng'ombe karibu na mto, na akawatajia josho la huko mbele ambako daktari angekuwepo. Nilitazama simu yake. Tiki ilikuwa moja tu: imetoka, haijafika.

Baada ya hapo mambo yalibadilika, ila polepole. Bosi alikuja mwenyewe Same, akakaa nasi siku kadhaa, akapigwa na vumbi, akaongea na wazee. Awamu inayofuata ilifika kweli: sasa kisanduku cha muda kinakubali maneno, na hakuna habari ya wafugaji inayotoka kabla sauti haijawekwa. Anapofundisha vijana wapya huwasimulia kisa cha saa nane, na hukisimulia kwa haki. Mama anasema naandika meseji kama mtu tena, ingawa bado sijui kukaa mpaka makande yaishe.

Kuhusu zile familia, kwa siku nyingi nilikuwa nikimsumbua mwenzangu kila asubuhi. Wamejibu? Akasema akipata atanionyesha, nisimuulize tena. Nikawa naangalia tu uso wake anapofungua simu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kutajwa alipogeuza kiti siku moja, akaweka simu katikati ya meza, akabonyeza. Palikuwa na upepo mwingi, kengele, mbwa, kisha sauti ya mwanamke asiye na haraka. Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho ndipo akanitafsiria.

"Anasema wamesikia. Anasema wako mbali, josho walilipata. Ndama wawili wamekufa kabla ya hapo, wengine wazima. Anauliza kama kuku wake bado yupo."